Kitabu cha "Panzi" ndani ya The Man in the High Castle: nani hasa aliyekiandika?

#1 RafuYaJuu
Wakuu, habari za jioni. Kila riwaya ya Philip K. Dick ya 1962 inapotajwa humu, hakosi mtu wa kusema kwamba kile kitabu kilichomo ndani yake kinaeleza dunia yetu hii tunayoishi. Naleta hoja: hakielezi dunia yetu. Na yule anayetajwa kuwa mwandishi wake, Hawthorne Abendsen, sidhani kama ndiye mwandishi.

Kwa ambao hawajaisoma: Marekani imeshindwa vita, vilivyoisha 1947. Pwani ya magharibi wako Wajapani, mashariki Wajerumani, katikati kuna nchi za Milima ya Rocky zisizokuwa na bwana wa wazi. Huko katikati, Cheyenne, Wyoming, Abendsen kaandika riwaya iitwayo The Grasshopper Lies Heavy, inayosema Ujerumani na Japani ndizo zilizoshindwa. Tukiite Panzi, vidole vipumzike. Kwa Wajerumani ni marufuku, kwa Wajapani kinauzwa dukani. Mwisho wa riwaya Juliana Frink anamfuata Abendsen nyumbani, anaiuliza Yijing (I Ching, kitabu cha kale cha Kichina cha kupigia bao) kwa sarafu tatu, na hapo mambo yanafumuka.

Swali: Panzi kakiandika nani? Abendsen, Yijing, au Dick mwenyewe? Leteni hoja, mapenzi wekeni pembeni.

#2 Kiroboto
Wa kwanza kufika. Nimekaa na kahawa na kashata zangu, endeleeni.

#3 NyukiWaTabora
Sasa mkuu, Panzi ni dunia gani kama si yetu? Roosevelt hakuuawa, Marekani ikashinda, Hitler akaisha. Nini kimebaki?

#4 RafuYaJuu
#3 kimebaki kingi. Twende kwa mpangilio.

Kinachotenganisha hizo dunia ni risasi za Miami. Kwetu sisi, tarehe 15 Februari 1933, Giuseppe Zangara alimfyatulia Roosevelt risasi katika bustani ya Bayfront. Alikuwa mfupi, akapanda juu ya kiti ili aone, kiti kikayumba, risasi zikawapata watu watano na Roosevelt hakuguswa. Meya wa Chicago, Anton Cermak, alifariki Machi 6, na Zangara akanyongwa kwa kiti cha umeme Machi 20. Katika dunia ya Juliana, Zangara alilenga sawasawa.

Ndani ya Panzi, Roosevelt anapona kama kwetu, ila anamaliza vipindi viwili na kupumzika. Uchaguzi wa 1940 anaushinda Rexford Tugwell. Kwetu Tugwell hakupata kuwa rais. Alikuwa mchumi, mmoja wa washauri wa Roosevelt, na kuanzia 1941 hadi 1946 alikuwa gavana wa Puerto Rico. Roosevelt kwetu akagombea mara ya tatu na ya nne.

Na baada ya vita, Panzi kinazipambanisha Marekani na Uingereza, siyo Marekani na Urusi. Churchill anabaki madarakani miaka na miaka, na mwisho Uingereza ndiyo inayochukua ushindi. Ulishaiona dunia hiyo?

#5 NyukiWaTabora
Hapo umenibana. Naomba tu nisome kwanza sura zote 15 kabla sijaongeza neno.

#6 Manowari
Nimtetee Nyuki kidogo, kwa sababu kuna mahali Panzi kinakaribia sana. Pearl Harbor.

Dunia ya Juliana: meli zote zinaangamizwa bandarini.
Panzi: Rais Tugwell anaziondoa mapema, Wajapani wanakuta bandari tupu.
Kwetu: katikati. Desemba 7, 1941 meli nane kubwa za mizinga zilikuwa bandarini, nne zikazama, na Arizona na Oklahoma hazikurudi tena kazini. Lakini meli za kubeba ndege hazikuwapo hata moja. Enterprise na Lexington zilikuwa baharini, Saratoga ilikuwa San Diego. Bila hizo kubaki salama, Juni 1942 pale Midway pangekuwa na habari nyingine.

Kwa hiyo ukizipanga dunia tatu kwenye mstari, yetu haiko mwisho. Iko kati ya ile ya Juliana na ile ya Panzi. Dick alijua anachofanya hapo. Angetaka Panzi kiwe sisi, angeandika tu yaliyotokea, vitabu vya historia havikuwa adimu 1962.

#7 Mla_Senene
Halafu huyo panzi mwenyewe anamlemea nani? Kwetu Kagera panzi si mzigo, ni kitoweo. Akija msimu tunabeba magunia na hatulalamiki uzito.

#8 ShangaziKurasa
#7 senene na panzi si mdudu mmoja, acha kutuharibia uzi 😂

Jina limetokana na Mhubiri 12:5. Biblia yetu ya Union inasema "Na panzi atakuwa ni mzigo mzito." Mstari wote unahusu uzee: mtu anaogopa vilima, nywele zinakuwa nyeupe kama mlozi uliochanua, na hata mdudu mwepesi kama panzi unamwona mzito. Kisha mtu anaiendea nyumba yake ya milele.

Angalizo la kitafsiri: Biblia ya Kiingereza ya zamani haina maneno "lies heavy" pale. Inasema panzi atakuwa mzigo. Dick, au tuseme Abendsen, kalichukua wazo akaligeuza sentensi. Ukirudisha kwa Kiswahili una njia mbili. "Panzi Analemea", linalofuata jina la Kiingereza, au "Panzi Mzigo Mzito", linalofuata Biblia ambayo msomaji wetu anaijua kwa moyo. Mimi nachukua la pili. Msomaji wa Dick alitakiwa asikie mwangwi wa maandiko, na "analemea" halina mwangwi wowote.

#9 Mkalimani_Mkavu
#8 nakataa. "Lies" ina mdudu aliyetulia, amelala juu ya kitu. Uzito wa kukaa kimya. "Mzigo mzito" ni wa kubebwa, una mbebaji na safari. Mimi ningesema "Panzi Amelala Mzito". Ndiyo, si Kiswahili cha kawaida, lakini hata jina lake la Kiingereza si la kawaida.

Na kwenye mstari huohuo wa Union ukiendelea unakuta "pilipili hoho itapasuka". Mtanzania wa leo anaona lile hoho la kijani la kwenye kachumbari. Tunda lenyewe katika Kiebrania ni la mmea mwingine kabisa, watu wa kale waliamini linaamsha hamu. Ukitafsiri jina kutoka Union, umebeba na hoho.

#10 Kiroboto
Panzi, senene, hoho, kachumbari. Nani ana ugali?

#11 Hesabu_Tupu
Turudi kwa aliyeuliza. Nani mwandishi? Ushahidi uliomo kwenye riwaya ni huu: Caroline, mke wa Abendsen, ndiye anayetoboa siri. Mumewe alikichagua kila kitu kwa Yijing: kipindi cha historia, mada, wahusika, mtiririko. Chaguo kwa maelfu, kazi ya miaka. Abendsen mwenyewe hataki kusema mpaka Juliana ambane.

Sasa tupige hesabu, maana "maelfu" ni neno rahisi kulitamka. Tuseme chaguo 2,000. Kuna njia mbili za kuuliza. Sarafu tatu, marusho sita, pamoja na kuandika ni kama dakika 3 kwa swali. Vijiti ni dakika 20 ukiwa na mkono mwepesi. Sarafu: saa 100 jumla. Vijiti: zaidi ya saa 660. Ukikaa saa 4 kwa siku, sarafu ni siku 25 na vijiti ni karibu siku 167. Na hapo hujaandika hata aya moja. Kwa hiyo "miaka" ya Caroline inaingia akilini, hasa kama jamaa alikuwa mtu wa vijiti.

#12 BabuRamli
Hesabu_Tupu, tufafanulie hivyo vijiti. Huku kwetu pwani ramli hupigwa kwa nukta mchangani au kwa kalamu kwenye karatasi, sasa hivyo vijiti sijui vinashikwaje.

#13 Hesabu_Tupu
#12 karibu, Babu.

Vijiti 50. Kimoja unakiweka pembeni, hakitumiki tena, unabaki na 49. (Ndiyo maana riwayani Tagomi, yule afisa wa biashara wa Kijapani, ana vijiti 49. Si kosa la uchapaji, kuna mtu aliwahi kulidai hilo humu.)

1. Gawa 49 mafungu mawili bila kuhesabu, kushoto na kulia.
2. Toa kijiti kimoja fungu la kulia, kibane kati ya kidole cha mwisho na cha pete cha mkono wa kushoto.
3. Fungu la kushoto hesabu nne nne. Kinachobaki, 1 hadi 4, bana kati ya cha pete na cha kati. Fungu la kulia vivyo hivyo, bana kati ya cha kati na cha shahada.
4. Jumlisha ulivyobana. Lazima iwe 5 au 9. Viweke kando.
5. Vilivyobaki vikusanye, rudia. Safari hii jumla ni 4 au 8. Rudia tena, 4 au 8.
6. Vilivyobaki mezani vitakuwa 24, 28, 32 au 36. Gawa kwa 4: unapata 6, 7, 8 au 9. Huo ni mstari mmoja, wa CHINI. Bado mitano. Mistari sita ni umbo moja, na kila umbo lina namba na jina lake kitabuni.

Kosa la kila anayeanza liko hatua ya 3. Fungu likigawanyika sawasawa kwa nne, mabaki ni 4, siyo sifuri. Ukiandika sifuri, jumla yako itaanguka kwenye 1 au 5 badala ya 5 au 9 na kila kitu baada ya hapo ni takataka.

7 na 9 ni mstari mzima, 6 na 8 ni mstari uliokatika katikati. 6 na 9 "inatembea", yaani inageuka kinyume chake na kukupa umbo la pili.

#14 Fundi_Chelewa
Vijiti vyenyewe si lazima uagize China. Chukua chelewa za ufagio mpya, kata 50 za urefu wa sentimita 30 hivi, kutoka sehemu nene tu. Ukichanganya na ncha nyembamba, mkono unazoea kushika zile nene upande mmoja na mgawanyo haubaki wa bahati. Zipige msasa kidogo, la sivyo zinashikana na unahesabu mbili kama moja. Vijiti vya mishikaki vinafaa pia, ila kata ile ncha kali.

#15 BabuRamli
Ahsante Hesabu. Sasa nimeona mlango. Haya ni jamaa wa ramli, ila ramli ina umbo la mistari minne, wao sita. Nne kwa moja-au-mbili inakupa maumbo 16. Sita inakupa 64.

Katika ramli unapiga safu 16 za nukta bila kuhesabu, unafuta mbili mbili hadi ibaki moja au mbili. Zinatoka mama wanne. Mabinti wanne wanatokana na mama hao hao kwa kusoma safu kwa upana. Kisha wanajumlishwa kupata wanne wengine, kisha mashahidi wawili, kisha hakimu. Na hakimu ana kinga yake: nukta zake lazima ziwe shufwa. Mabinti ni nukta za mama zilizopangwa upya, kwa hiyo jumla inakuwa maradufu. Hakimu akitoka witiri, umekosea njiani, futa mchanga uanze upya. Ni maumbo 8 tu kati ya 16 yanayoweza kukaa kiti hicho.

Je, Yijing ina kinga kama hiyo? Ukikosea unajuaje?

#16 Hesabu_Tupu
#15 swali zuri kuliko yote humu. Jibu: vijiti vina kinga ndogo, zile jumla za 5/9 na 4/8. Sarafu hazina kinga yoyote. Ndiyo maana makosa ya sarafu ni ya kimya.

Upande wenye maandishi ni 2, upande wa nyuma ni 3. Sarafu tatu zinakupa 6 hadi 9. Ukizigeuza hizo thamani, kila mstari mzima unakuwa umekatika na kinyume chake. Sasa angalia umbo analopata Juliana mwishoni, namba 61, Ukweli wa Ndani: mzima, mzima, uliokatika, uliokatika, mzima, mzima. Geuza thamani za sarafu na unapata namba 62, Kuzidi kwa Kidogo. Riwaya nzima inakufa kwa kosa la sarafu kushikwa upande mbaya.

Kosa la pili ni kuandika kutoka juu kwenda chini. Hapa 61 inapona, kwa sababu ukiipindua inabaki vilevile. Ni maumbo manane tu yenye tabia hiyo: 1, 2, 27, 28, 29, 30, 61 na 62.

#17 RafuYaJuu
Kwa hiyo jibu la mwisho la Juliana haliharibiki hata likisomwa kichwa chini. Dick kalipangia hilo?

#18 Hesabu_Tupu
Hakuwa na haja ya kupanga, na sidhani kama alipanga. Katika mahojiano ya 1974 alisema kwamba kila mhusika alipouliza swali, yeye mwenyewe alirusha sarafu na kuandika kilichotoka, na hicho ndicho kilichoiongoza riwaya. Tunaweza kupima kama inalingana.

Juliana kabla ya kwenda kwa Abendsen anapata 42, Kuongezeka, yenye mistari inayotembea ya pili, ya tatu, ya nne na ya juu kabisa, ikigeuka 43, Kupenya. Kwanza, ni sahihi? 42 kutoka chini: mzima, uliokatika, uliokatika, uliokatika, mzima, mzima. Geuza wa 2, 3, 4 na 6: mzima, mzima, mzima, mzima, mzima, uliokatika. Hiyo ni 43 kamili. Mwandishi wa kubuni tu angechemka hapo. (Na huyu wa 42 akiandikwa kichwa chini anakuwa 41, Kupungua. Yeye hana kinga ya 61.)

Pili, uwezekano. Kwa sarafu, 6 ni 1/8, 7 ni 3/8, 8 ni 3/8, 9 ni 1/8. Kwa vijiti, 6 ni 1/16, 7 ni 5/16, 8 ni 7/16, 9 ni 3/16. Matokeo ya Juliana yana 6 tatu, 9 moja na 7 mbili. Kwa sarafu ni mara moja kati ya 29,127. Kwa vijiti mara moja kati ya 223,696. Sarafu zinayatoa kirahisi zaidi karibu mara 8, kwa sababu 6 kwenye vijiti ni adimu mno. Si uthibitisho, lakini yanaelekea kwa mtu aliyekaa na sarafu mkononi.

#19 Mkalimani_Mkavu
Kwa hiyo ukitumia vijiti unapata maumbo tofauti na ya sarafu? Ndiyo maana wazee wanasema vijiti vina "ukweli" zaidi?

#20 Hesabu_Tupu
Hapana. Jumlisha 7 na 9: sarafu 4/8, vijiti 8/16. Nusu kwa nusu kote. Umbo la kwanza lolote lina nafasi 1 kati ya 64 kwa njia zote mbili. Hata nafasi ya kukosa mstari unaotembea ni ileile, asilimia 17.8. Tofauti ni nani anatembea: kwenye vijiti mstari mzima unageuka mara tatu zaidi ya uliokatika. Yaani umbo la PILI ndilo linalotofautiana.

#21 NyukiWaTabora
Nimerudi. Sijamaliza lakini nimefika kwa wale wanandoa wa Kijapani, akina Kasoura. Kumbe hata wahusika wanabishana! Betty anasema Panzi si riwaya ya kisayansi maana haina sayansi wala haiko wakati ujao, mumewe Paul anasema dunia mbadala nayo inaingia humo. Ni kama wanausoma uzi huu.

#22 ShangaziKurasa
#21 subiri umfikie balozi mdogo wa Ujerumani, Reiss, akijifungia ofisini kusoma kitabu ambacho serikali yake imekipiga marufuku. Utacheka.

Mimi nina nadharia tofauti na ya Hesabu. Hoja ya sarafu za Dick inaeleza riwaya ya nje. Haielezi ya ndani. Juliana haulizi "nani kaandika", hilo kishajibiwa. Anauliza KWA NINI Yijing iliandika Panzi, watu wajifunze nini. Inajibu 61. Abendsen anauliza kama maana yake kitabu chake ni cha kweli, Juliana anasema ndiyo. Kwa hiyo ndani ya riwaya Yijing ni mwandishi mwenye nia, siyo mashine ya kubahatisha.

#23 Fundi_Chelewa
Nia ipi lakini? Tupa vijiti unapata moja kati ya 4,096, ukihesabu umbo la kwanza na la pili. Hizo ni namba. Aliyesema "chaguo la kwanza Tugwell, la pili mwingine" ni Abendsen. Mwenye orodha ndiye mwandishi. Vijiti vilinyooshea kidole tu.

#24 ShangaziKurasa
Kwa mantiki hiyo anayepiga ramli ndiye anayejua na mchanga haujui kitu. Mwulize Babu kama atakubali.

#25 BabuRamli
Babu hakubali, lakini Babu hagombani. Mpiga ramli haandiki orodha ya majibu. Anaandika swali. Nyumba za ramli zina maana zake kabla hajazaliwa. Fundi, ungeniambia Abendsen alikuja na orodha yake, ningesema hakupiga, alijipigia kura.

#26 Manowari
#22 ukisoma 61 kama "Panzi ni kweli", unakwama kwa Tugwell aliyetajwa #4. Kweli ipi, kama haikutokea kwetu?

Na kuna sehemu ya Tagomi ambayo watu wanairuka. Anakaa bustanini San Francisco na kipande cha urembo wa fedha alichouziwa, anakikodolea macho, akiinuka anajikuta mahali pengine. Riksho hazipo. Wazungu mgahawani hawampishi kiti. Kuna dude kubwa baya limeziba anga ya ghuba, anaambiwa ni barabara ya juu ya Embarcadero. Hiyo ilikuwapo kweli kwetu: ilifunguliwa 1959, tetemeko la 1989 likaiharibu, 1991 ikabomolewa. Dick alipoandika ilikuwa bado mpya na wenyeji wengi walikuwa wanaichukia.

Kwa hiyo dunia yetu IMO katika riwaya, kwa dakika chache, na haimo ndani ya Panzi. Imo ndani ya kipande cha fedha cha Frank Frink, mtalaka wa Juliana anayetengeneza urembo.

#27 RafuYaJuu
#26 hapo umenipa kitu sikukiona. Kinaungana na vile viberiti viwili vya Zippo vya riwayani, kimoja kilikuwa mfukoni mwa Roosevelt alipouawa, kingine hakikuwa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Thamani iko kwenye karatasi ya uthibitisho. Panzi ni kiberiti cha tatu, hakina karatasi.

#28 Mkalimani_Mkavu
Niongeze chumvi. Tafsiri ya Yijing waliyoishika watu wa wakati ule ni ya Richard Wilhelm kwa Kijerumani, ikatiwa Kiingereza na Cary Baynes, 1950, na dibaji ya mwanasaikolojia Carl Jung. Katika dibaji Jung aliuliza Yijing kuhusu Yijing yenyewe, akapata namba 50, Chungu, mistari ya pili na ya tatu ikitembea, ikageuka 35. Kitabu kinaulizwa kuhusu kitabu. Juliana anafanya kilekile.

Na yule jasusi wa Kijerumani riwayani anasafiri kwa jina gani la bandia? Baynes.

#29 Kiroboto
😳 Kahawa imemwagika.

#30 Hesabu_Tupu
#28 hilo la Jung nimelikagua: 50 ni uliokatika, mzima, mzima, mzima, uliokatika, mzima. Geuza 2 na 3, unapata 35. Sawa.

Kuhusu 61, ShangaziKurasa, soma sehemu yake ya "taswira" kwa Wilhelm. Upepo juu ya ziwa. Na shauri lake: mtu mwema hujadili kesi za jinai ili kuchelewesha unyongaji. Juliana kaja pale kumwambia Abendsen kwamba muuaji alitumwa kwake. Huenda 61 haisemi lolote kuhusu vita. Huenda inajibu jambo lililokuwa chumbani usiku ule.

#31 ShangaziKurasa
Swali lake lilikuwa kuhusu kitabu.

#32 Hesabu_Tupu
Frank Frink naye aliuliza kuhusu biashara ya urembo akapata namba 11, Amani, na mstari wa juu unaotembea unasema ukuta umeanguka handakini. Jambo moja, majibu mawili yanayogombana. Riwaya yenyewe inakuonyesha kwamba jibu haliko lazima kwenye ulichouliza.

#33 Mtazamaji_wa_Series
Samahani wakuu, hivi Panzi si filamu? Mimi nimeona mikanda ya filamu.

#34 RafuYaJuu
#33 hiyo ni tamthilia ya televisheni, 2015 hadi 2019. Waligeuza kitabu kuwa mikanda ya filamu kwa sababu mtu anayesoma kwenye skrini anachosha. Lakini mkanda ni ushahidi, unaonyesha meli na bendera. Riwaya hata ikiandikwa na Yijing inabaki riwaya, huwezi kuipeleka mahakamani. Ni swali lingine kabisa.

#35 Mla_Senene
Mbona hamjataja vitabu vingine vya aina hii? Encyclopedia Galactica ya Asimov, toleo la 116, Terminus. Au Biblia ya Orange Catholic kwenye Dune, ile ya kukataza mashine yenye mfano wa akili ya mtu.

#36 Mkalimani_Mkavu
Fungua uzi wako. Hivyo vinanukuliwa tu kama pambo. Panzi kinasomwa kitandani, kinaibwa, kinamponza mtu.

#37 NyukiWaTabora
Nimemaliza. Nimeelewa kwa nini mnagombana. Swali dogo tu: Ngome ya Juu, ile High Castle ya kwenye jina la riwaya, ipo wapi? Nilingoja waya za umeme na ukuta, Juliana kafika kwenye nyumba ya kawaida, kuna sherehe, baiskeli ya mtoto.

#38 Fundi_Chelewa
#37 ndiyo hiyo. Waliihama.

#39 ShangaziKurasa
Dick alianza mwendelezo akaacha baada ya sura mbili, zimechapishwa 1995. Hazijibu swali la #1.

#40 BabuRamli
Chelewa zangu zimefika 47. Ufagio wa jirani umeisha.